Ramani ya Chumvi: Miaka Yangu katika Maktaba ya Shule, Kindu

Siku niliyoagwa shuleni, Sifa, binti aliyechukua nafasi yangu, alinivuta pembeni penye masinia ya wali akaniuliza bila kuzunguka, kwa Kiswahili chetu ambamo "ndiyo" ni "njo": "Mama Mwavita, ukiacha kufungua mlango na kupanguza vumbi, kazi yenyewe njo gani?"

Nilitaka kukasirika. Halafu nikakumbuka kwamba hata prefe wetu, mkuu wa shule niliyefanya naye kazi miaka mingi, hakuwahi kuniuliza swali hilo. Basi naandika, kwa ajili ya Sifa na wenzake wanaokalishwa leo katika vyumba vya vitabu vya shule za Maniema. Habari za vyeo na mishahara naziruka. Ni fupi, na mnazijua.

Sikuomba kuwa mtunza maktaba. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Kindu, upande wa Kasuku, na sauti ikanipotea. Nilipaza sauti mbele ya watoto wengi kupita kiasi mpaka koo likagoma. Daktari akasema ninyamaze kabisa kwa muda, na baada ya hapo nisipige tena kelele maisha yangu yote. Wakubwa wakatafuta mahali ambapo mwanamke anaweza kufanya kazi kwa kunong'ona, wakanipeleka shule ya sekondari, kwenye biblioteki, kama tunavyoiita maktaba hapa kwetu. Walidhani wamenipa mapumziko.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya majembe zamani, na harufu ya udongo haikuwahi kutoka. Rafu zilikuwa mbao za makasha yaliyoshushwa na treni. Aliyekuwa akikitunza ni Papa Kalonda, karani mstaafu wa stoo ya reli, mtu mwembamba aliyevaa koti hata katika joto la Machi. Alipanga vitabu kama alivyokuwa akipanga mizigo: vizito chini, vinavyotoka mara kwa mara karibu na mlango, vinavyoweza kuoza mbali na ukuta. Baadaye nilipelekwa semina nikafundishwa mpango wa kisasa wa namba na nukta. Ni mzuri sana kwa chumba ambacho paa lake halivuji.

Siku yangu ya kwanza aliingia mwanafunzi wa mwaka wa pili akaomba kamusi ya Kifaransa. Niliinuka mbio kuichukua, nikifurahi kwamba najua ilipo. Papa Kalonda akanyoosha mkono kunizuia.

"Mwanangu," akamwambia yule kijana, "unataka kujua nini?"

Kijana akatazama chini. "Kuna barua, Papa."

Ilikuwa barua kutoka mgodini alikofanya kazi baba yake. Nyumbani walikuwa wakilia tangu jana, maana jirani mmoja anayejiona msomi alikuwa ameona ndani yake neno "mutation" akawaambia maana yake ni kufukuzwa kazi. Papa Kalonda alimketisha kijana, akamfungulia kamusi, akamwachia atafute mwenyewe kwa kidole chake. Kidole kilishuka polepole, kikasimama. Baba hakufukuzwa. Alikuwa anahamishwa kwenda mahali pengine. Kijana alitoka mbio, hakufunga kamusi wala mlango.

"Ungempa kitabu tu, angetafuta neno lingine," Papa Kalonda akaniambia. "Kitabu njo cha pili. Cha kwanza, muulize anataka kujua nini. Halafu ngoja. Wanadanganya mara ya kwanza, juu ya kuona haya."

Hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu ya kweli. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Alinifundisha na vitu vya mikono. Gundi ya unga wa muhogo, uchemshwe mpaka ung'ae, uchanganywe na maji machungu ya majani ya mwarobaini, la sivyo mende watakula kitabu kuanzia mgongoni. Uzi wa kushonea nyavu za samaki, ambao hushika kitabu vizuri kuliko uzi wowote wa dukani. Kadi za kukatwa kutoka mifuko ya karatasi ya sementi. Mimi niliongeza kitu kimoja cha kwangu, nikakionea fahari. Katika rejista ya waazimaji, baada ya jina, kitabu na siku, nilichora safu ya nne: "Sababu". Nilitaka kujua kila mtoto anatafuta nini, ili mwalimu wake akija nimwambie. Papa Kalonda aliitazama safu ile kwa muda mrefu.

"Ni nzuri," akasema. "Ila siku moja ataisoma muntu mwingine."

Sikumwelewa. Mwaka uliofuata aliacha kazi akarudi kwao Kibombo, nikabaki peke yangu na majembe yasiyoonekana.

Kisha vita vikafika. Sitavisimulia vyote, kila nyumba ya Kindu ina vyake. Treni ziliacha kuja. Majani yaliota katikati ya reli, na mbuzi wakajua hilo kabla yetu. Walioshika mji walikuwa mjini, waliowapinga walikuwa msituni, na sisi tulikuwa katikati, tukiulizana asubuhi nani amelala na nani hakulala. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Ilipokuwa wazi, mimi nilikuwa mezani pangu saa moja na nusu, si kwa ushujaa, bali kwa sababu nyumbani nilikuwa nawaza zaidi.

Wakati huo mwalimu wa elimu ya uraia alikuwa Asumani, mwanaume mpole wa miaka thelathini na kitu, aliyeishi Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, akivuka kwa mtumbwi kila siku kuja kufundisha. Siku moja aliingia maktaba akaweka kitabu chake cha kiada juu ya meza yangu kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Mama Mwavita, siwezi tena. Hapa kimeandikwa kwamba raia akionewa anakwenda mahakamani. Nimesoma sentensi hiyo leo, darasa zima likageuka kutazama dirishani. Mahakama iko pale, haina mlango. Watoto hawakucheka. Afadhali wangecheka."

Nikamuuliza swali la Papa Kalonda, maana sikuwa na lingine: "Na wao wanataka kujua nini?"

Hakujua. Tukaenda kuwauliza pamoja. Tulitegemea waseme vita vitaisha lini. Msichana mmoja, Faida, wa mwaka wa tano, anayetoka Mikelenge, akainua mkono. "Mwalimu, chumvi inafika vipi hapa? Treni hakuna. Lakini sokoni iko, kijiko kwa kijiko. Inapita wapi? Nani anaiacha ipite?"

Asumani alinitazama, na niliona uso wake umerudi kuwa wa mwalimu.

Tulifanya kazi ile wiki nne, yeye na mimi. Wenzangu vijana, nawaomba mlisome hili polepole: mwalimu hakuwaleta wanafunzi kwangu ili apumzike, na mimi sikumsubiri aniombe kitabu. Tulikaa meza moja tukapanga. Yeye alishika maswali ya uraia: nani anaamua, kwa haki gani, nani anaweza kumuuliza. Mimi nilishika namna ya kutafuta. Niliwafundisha kugawa kila karatasi katika safu tatu: Nimeona. Nimeambiwa, na nani. Nadhani. Neno lolote lisilo na mahali pake katika safu hizo halikuingia. Walilalamika. Kijana mmoja aliniambia kwamba kwa sheria yangu hata jina la babu yake lingekuwa la "Nimeambiwa". Nikamwambia ndiyo, na aandike nani alimwambia.

Walizungumza na akina mama wa sokoni, na wavukishaji wa mitumbwi, na wasukuma baiskeli walioleta magunia kwa njia za msituni, miguu imevimba. Faida alichukua atlasi yetu, ambayo ilikuwa moja tu, akaweka karatasi nyepesi juu yake akachora mto, reli na barabara. Kisha akatia alama nyekundu kila mahali ambapo wasukuma baiskeli walimwambia kuna kizuizi cha askari, yaani barieri. Ilikuwa ramani nzuri sana. Asumani aliichukua pamoja na karatasi nyingine akasahihishe nyumbani. Na mimi, kwa mwandiko wangu wa kupendeza, nikajaza rejista: Faida, jina la baba yake, atlasi, siku. Sababu: ramani ya barabara na barieri.

Mnaona. Mimi sikuona.

Bandarini jioni ile askari walikuwa wakipekua mifuko ya wanaovuka. Walikuta ramani katika mfuko wa Asumani. Hakufika Alunguli.

Asubuhi mke wake, Mama Riziki, alivuka mto akaja moja kwa moja shuleni, mtoto mgongoni, amevaa viatu viwili visivyofanana. Watu wa mtumbwi walikuwa wamemwambia. Askari wanasema mume wake ni mpelelezi wa watu wa msituni, wanataka kujua nani alimchorea. Prefe alisikia hayo akaegemea ukuta. Nusu saa baadaye alikuja mbio maktaba, jasho linamtoka.

"Wanakuja. Wanataka rejista, waone nani aliazima vitabu. Ichome!"

"Nikiichoma watauliza kwa nini nimeichoma."

"Basi fanya kitu, Mama! Fanya kitu!" Akatoka. Simlaumu. Alikuwa na wanafunzi wengi wa kuwawaza.

Nilifungua rejista, na ukurasa ulikuwa pale, na neno "barieri" likaonekana kubwa kuliko maneno mengine yote niliyowahi kuandika. Kuling'oa lile jani kungeacha meno ya karatasi kwenye mshono. Askari yeyote aliyepekua daftari anajua maana ya meno hayo. Mezani kulikuwa na chungu changu cha gundi, bado ya vuguvugu, maana nilikuwa nashona kitabu cha sarufi. Nikachovya brashi. Niliupaka ukurasa ule wote, na wa pili unaoutazama, nikazifunga kurasa mbili uso kwa uso, nikabonyeza kwa viganja. Kurasa zote mbili zikatoweka ndani ya jani moja nene. Nilikuwa bado napangusa mikono walipoingia.

Walikuwa wawili, na aliyeongoza alikuwa sajini mwenye macho mekundu ya mafua. Akaketi kwenye kiti changu akaanza kufunua. Alisoma kwa kidole, kama yule kijana wa siku yangu ya kwanza. Kidole kikafika kwenye jani nene. Gundi ilikuwa imetoka pembeni.

"Hii iko na maji maji. Njo nini?"

Sauti yangu, mnajua, ni ya kunong'ona siku zote, na siku ile iliniokoa, maana hakuna aliyesikia kutetemeka ndani yake. "Njo panya, shefu. Panya ya humu inakojoa juu ya kila kitu."

Akautoa mkono upesi, akapangusa vidole kwenye suruali, akaifunga rejista kwa kiwiko. Hakuigusa tena. Lakini aliposimama alisema: "Kesho saa tatu, kambini. Unakuja na ule mwenye alichora."

Walipoondoka nilikaa sakafuni. Nilicheka kidogo, kisha nikalia kidogo, kisha nikafunga chungu cha gundi kisikauke.

Faida alikuwa amesikia. Shule nzima ilikuwa imesikia. Alikuja saa ya mapumziko, sare yake imepigwa pasi, amesimama wima kama mtu anayekwenda kupokea cheti.

"Mama, ni miye njo nilichora. Wanamupiga mwalimu kwa sababu yangu. Acha niende niseme."

"Utasema nini?"

"Kweli. Kwamba ni kazi ya darasa."

"Mwalimu amesema hivyo tangu jana, na bado wamemshika. Wewe una miaka kumi na saba na ni msichana. Hutaingia kambi ile."

"Basi nani ataenda?"

Sikuwa nimeamua mpaka aliponiuliza. "Mimi," nikasema. "Maktaba njo ilitoa atlasi."

Hakukubali. Aliniambia mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kwamba mtu asimame nyuma ya maneno yake. Neno hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Nikamwambia kuna siku za kusimama na kuna siku za kuketi na kubaki hai, na kuchagua siku ya leo ni kazi ya mtu mzima aliyeandika neno lisilofaa katika rejista. Hapo ndipo alipojua habari ya ile safu ya nne. Akanisaidia kukusanya karatasi za darasa zilizobaki. Kwa wembe tulikata vichwa vya karatasi zote, palipoandikwa majina, na vipande vile tukavichemsha pamoja na gundi.

Kesho yake nilikwenda na Mama Riziki, aliyebeba bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, la mume wake. Mimi nilibeba atlasi kubwa mikononi kama sinia. Kambi ilikuwa katika nyumba za zamani za wakubwa wa reli. Walitukalisha barazani muda mrefu. Mama Riziki alikuwa anafunua bakuli na kulifunika, anafunua na kulifunika.

Komanda alikuwa mtu wa makamo, amenyolewa vizuri, ramani ya Faida iko mbele yake juu ya meza.

"Mchoraji iko wapi?"

"Darasa njo limechora, Bwana Komanda. Nimekuja mimi kwa sababu kitabu walichotumia ni cha kwangu."

"Sikusikii."

"Ni koo. Naomba uiname kidogo."

Aliinama. Ni vigumu mtu kukufokea akiwa ameinama namna ile. Na kwa kuwa sikuwa na akili nyingine, nikatumia ile ile: "Bwana Komanda, katika karatasi hii, unataka kujua nini hasa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa na kiti. Kisha akajibu. "Nataka kujua nani amewapa siri ya barieri zangu."

Niliweka ramani juu ya atlasi. Mistari ililala juu ya mistari. Mto ule ule, barabara zile zile, kitabu kilichochapwa kabla hata ya vita kufikiriwa. Barabara si siri, nikamwambia. Kisha nikampa karatasi za safu tatu. "Na barieri, soma mwenyewe nani alisema. Hakuna muntu mwenye hajui. Kila mama wa soko anapita pale na gunia lake."

Alisoma. Alikuwa anajua kusoma vizuri, hilo niliona. Nimeona: baiskeli tisa zimebeba chumvi. Nimeambiwa, na mama muuza chumvi: barieri ya kwanza iko karibu na daraja. Aligeuza karatasi. Nilimsikia Mama Riziki nyuma yangu akifunika bakuli. Kisha komanda akasimama kwenye mstari mmoja, akausoma kwa sauti, polepole.

"Nadhani: hata askari wa barieri wanakosa chumvi, kwa sababu wanaomba kijiko cha chumvi badala ya kitu kingine."

Mimi mstari ule nilikuwa nimeusahau. Nikaona ndiyo mwisho wetu.

Komanda akasugua shavu. "Huyu mtoto hadanganyi," akasema, si kwangu. "Mimi mwenyewe nakula sombe bila chumvi wiki ya pili."

Mama Riziki, mwanamke ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akatembea mpaka mezani akaweka bakuli lake pale. "Hii iko nayo," akasema. "Kidogo. Nilimpikia baba ya watoto."

Asumani alitolewa alasiri ile. Alitembea kati yetu wawili bila viatu, jicho moja limefumba. Tulipofika njia panda ya soko aliketi juu ya jiwe akaomba maji, akanywa, akasema: "Karatasi zao sijamaliza kusahihisha." Tulicheka mpaka watu wakasimama kututazama. Sijawahi kucheka vile kabla wala baadaye. Komanda alibaki na ramani, na alibaki na atlasi pia, na shule ikafundisha jiografia miaka mitatu kwa ramani nilizochora ukutani kwa mkaa. Niliona bei hiyo ni nafuu.

Tangu juma lile sikuandika tena safu ya nne. Na kitabu kikirudi, nililifuta jina la msomaji kwa wino mzito mpaka mimi mwenyewe nisiweze kulisoma. Wakaguzi walinikaripia mara kadhaa kwa uchafu wa rejista. Niliomba radhi nikaendelea. Sifa, wewe una kompyuta sasa. Nakuomba uiulize inakumbuka nini, na kwa faida ya nani.

Vita viliisha kwetu kama mvua inavyoisha: hujui tone la mwisho ni lipi, unagundua tu kwamba watu wanatembea katikati ya njia. Treni ya kwanza ilipofika, wanafunzi walitoka madarasani bila ruhusa, na walimu mbele yao. Asumani aliendelea kufundisha mpaka alipohamia Kisangani kwa watoto wake; yuko hai, mzee, ananitumia salamu. Faida alisomea uuguzi, ana wajukuu wawili. Nikihesabu watu wa darasa lile, sote tulivuka. Si kila darasa la Kindu linaweza kusema hivyo, nami silisemi kwa sauti kubwa, hata kama ningekuwa nayo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi ya kawaida, na kawaida ni tamu kuliko mnavyojua. Tulipoanza kujiandaa kupiga kura, wazazi walikuja maktaba kuuliza kilichoandikwa katika katiba, na wanafunzi wakubwa waliwasomea na kuwafafanulia kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu. Mzee mmoja wa msikiti wetu alihudhuria kila Jumamosi, akibishana na kila kifungu kama vile aliyekiandika amejificha nyuma ya rafu. Mchwa walikula vitabu vya kemia. Nikanunua simu. Wanafunzi nao wakanunua simu, na hapo ikaanza aina mpya ya ugumu.

Kesi yangu ya mwisho ilikuwa mwaka jana, na kwa kweli haikuwa yangu. Ujumbe ulizunguka katika simu za mji mzima kwamba uwanja wa shule umeuzwa kwa Bwana Musafiri, mfanyabiashara kutoka Punia aliyenunua nyumba jirani, na kwamba Jumatatu ataanza kujenga ukuta. Ulikuwa na picha ya karatasi yenye muhuri. Kufikia Alhamisi wazazi walikuwa wanakutana. Bwana Musafiri akafunga duka, akamhamishia mke wake kwa ndugu zake. Watu walizungumza kuhusu "kumsaidia arudi Punia".

Sifa alikuwa ameanza kazi mwezi ule; nilikuwa nimeshaagwa, lakini bado nilikuwa nikimkabidhi, naye alinisikia nikiwauliza wanafunzi swali lile kila siku. Ijumaa asubuhi wanafunzi wa mwaka wa tatu walijaa maktaba, kila mmoja anaonyesha simu. Nilifungua mdomo. Sifa alikuwa ameshaanza.

"Sawa," akawaambia. "Mnataka kujua nini?"

Nikafunga mdomo.

Aliwagawa. Wengine wakakuza ile picha mpaka muhuri ukasomeka: ulikuwa wa wilaya nyingine kabisa. Wengine, pamoja na mwalimu wao wa uraia, wakaenda ofisi ya ardhi kuomba kuona karatasi ya uwanja. Karani akawaambia watoto hawaruhusiwi. Walikuwa wamebeba barua ya prefe, na subira ya kuketi sakafuni mpaka mchana, wakaonyeshwa. Wengine wakaenda kwa Bwana Musafiri mwenyewe, wakagonga mpaka akafungua, wakamwomba hati yake, akawaletea.

Jumamosi wazazi walijaa uani. Baadhi ya wanaume walikuja na mapanga. Ya kukatia majani, walisema, ingawa uwanja ulikuwa umefyekwa juma lililopita. Aliyekuwa na sauti kuliko wote alikuwa Papa Shabani, fundi wa baiskeli, ambaye watoto wake wanne wamesoma kwetu. Sifa hakupanda jukwaani. Alimpandisha msichana mdogo anayeitwa Zawadi, mwenye daftari.

Zawadi alisoma bila kuinua macho. Muhuri wa picha si wa hapa. Katika ofisi ya ardhi, uwanja bado umeandikwa kwa jina la shule, tumeona wenyewe. Hati ya Bwana Musafiri inaishia kwenye mfereji, nje ya uwanja; tumepima kwa kamba, mbele yake na mbele ya prefe. Aliyetuma ujumbe wa kwanza hatumjui.

Manung'uniko yakapungua. Papa Shabani akapiga hatua mbele, panga mkononi. "Na ile nguzo ya mpaka, ya sementi, iliyokuwa penye kona? Niliiona kwa macho yangu miaka yote. Leo haiko. Nani ameing'oa? Si yeye?"

Niliona watu wakigeuka kuelekea nyumba ya Musafiri. Msichana alifunua daftari lake, ukurasa mmoja, mwingine. Ningeweza kumsaidia, nilikuwa na mawazo matatu kuhusu nguzo ile. Sifa, kando yangu, hakusogea. Nikauma ulimi.

Zawadi akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Hiyo hatujui bado, Papa. Tutauliza Jumatatu. Ulisema uliiona kwa macho yako. Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

Papa Shabani alitazama kona ya uwanja, alitazama watu, alitazama kalamu ya yule mtoto iliyokuwa ikimsubiri juu ya karatasi. Kisha akaliweka panga chini penye majani, akavuta benchi karibu, akaketi.

"Andika," akasema. "Ilikuwa kabla ya mvua."